Mama kaniuliza: huko kwenu LUKU mnanunua kwa nani?

Kamwene! Kamwene wote wa Iringa, Njombe, Mbeya, na nyie wa Tukuyu mliojifunika mablanketi mawili mawili. Leo siko Leeds. Huo ukuta mweusi mnaouona nyuma yangu ni moshi wa miaka mingi, niko jikoni kwa Mama, Mafinga, Julai, saa moja asubuhi, ukungu umefunga hata mlango wa choo siuoni. Msinicheke kwa hili koti. Miaka minane Uingereza na baridi ya Mafinga bado inanitoa machozi. Kule baridi tunaifungia nje, hapa tunakaa nayo sebuleni.

Jana usiku nikamwambia Mama nimehama kampuni ya umeme. Akaacha kuchambua maharage. "Umehama nyumba?" Hapana Mama, nyumba ni ile ile. "Wamekuja kung'oa nguzo?" Na nguzo ni zile zile. Basi ndugu zangu, najua wengi mna swali la Mama, kwamba LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kule tunanunua kwa nani. Tuongee.

Mnaijua stendi. Barabara ya kwenda Mbeya ni moja tu, ila ukifika pale wapiga debe kumi wanakuvuta mkono, kila mmoja na bei yake. Umeme wa Uingereza ndivyo ulivyo. Nyaya moja, mita moja, umeme wenyewe hauna rangi ya kampuni. Unachochagua ni nani akuletee bili. Ukihama, taa haizimiki hata sekunde, na fundi haji.

Na kama stendi, kuna mpiga debe anakukatia tiketi ya basi ambalo halipo. Mimi yalinikuta. Mwaka 2021 nilihamia kampuni ndogo, jina silitaji, bei ilikuwa tamu mno. Kumbe walikuwa wanauza kwa bei ya chini bila kununua gesi na umeme wa kutosha mapema. Bei ya gesi duniani ikapaa, na kampuni zaidi ya 20 zikafa, na yangu ikiwemo. Ofgem, wadhibiti wa nishati, hao ndio EWURA wa kule, wakanikabidhi kwa kampuni nyingine. Hela niliyokuwa nimewatangulizia sikuipoteza, ila ile bei tamu ilizikwa pamoja na kampuni yake.

Halafu ikaja Februari 2022, Urusi ikaivamia Ukraine, na gesi ikawa haikamatiki. Waingereza wengi wanapasha nyumba joto kwa gesi, na umeme wao mwingi unatokana na gesi pia, kwa hiyo kimoja kikipanda kinabeba mwenzake. Oktoba ile serikali ikaingilia kati: umeme ukawa karibu peni 34 kwa uniti, kama shilingi 900 kwa wakati ule. Wakatangaza kwamba nyumba ya kawaida italipa paundi 2,500 kwa mwaka, umeme na gesi pamoja. Sasa hapo ndipo watu walipotea. Nilikuwa napanga na dada mmoja wa Uyole, aliposikia 2,500 akadhani ndiyo mwisho, ukishafika hapo serikali inalipa. Akawasha hita usiku kucha, analala na fulana! Nikamwambia, we dada, kilichowekewa kikomo ni bei ya uniti moja. Ukitumia uniti nyingi utalipa nyingi, hata ufike paundi 5,000.

Januari ikaja barua. Kule bili tunakatwa moja kwa moja benki, na makato yangu yanapanda kutoka paundi 95 hadi 178 kwa mwezi. Nilimpigia Mama nalia, nikijua ataniombea. Mama akauliza swali moja, "Umeisoma mita?"

Sikuwa nimeisoma. Na mnafahamu Mama yangu, ana daftari. Kila Jumapili akitoka kanisani anasoma LUKU anaandika, tangu alipowekewa umeme. Mimi msomi wa Leeds hata sikujua mita yetu iko wapi. Nikaikuta kwenye kabati chini ya ngazi, nyuma ya ufagio. Nikamulika na simu. Kampuni ilikuwa inakisia tu, na makisio yao yalizidi mita kwa uniti 600 na kitu. Zidisheni kwa peni 34, ni zaidi ya paundi 200 ambazo sikuzitumia! Nikapiga picha, nikatuma, nikabishana nao dakika 40 kwenye simu, makato yakashuka hadi 120. Kuhama kwangu kote hakujawahi kuniokolea hela kama siku ile ya kabati.

Kwa hiyo safari hii sikukimbilia tangazo. Nilichukua bili ya mwaka mzima nikatafuta uniti ngapi nimetumia, siyo paundi ngapi, kwa sababu paundi zinadanganya. Nikaangalia bei ya uniti, nikaangalia kama kampuni ya zamani itanitoza faini kwa kuondoka kabla ya muda. Siku ya kuhama nikapiga mita picha ili kampuni mbili zisije zikagombana juu ya mgongo wangu. Ukijuta una siku 14 za kughairi. Na hata mpangaji anaruhusiwa, mradi bili ni ya jina lake. Wenye nyumba wengine hawapendi mlijue hilo.

Kilichomkasirisha Mama ni ada ya siku. Kule kila siku ya Mungu unakatwa, umeme peke yake ni kama nusu paundi, na gesi ina yake. "Hata usipowasha?" Hata usipowasha. Niko hapa wiki ya tatu na kule inahesabu. Mama akasonya, "Kama ile sevisi chaji." Shilingi 5,520 kila mwezi, ilifutwa 2016, na Mama anaitaja mpaka leo kama jina la mtu aliyemkosea. Nikamwambia hata LUKU ya kule, maana ipo, na mara nyingi wanaotumia ni watu wa hali ya chini, ukikaa bila kuongeza hela, ada inaendelea kujilimbikiza. Ukinunua, inakula deni kwanza. Na kabla ya 2023 hao wa LUKU ndio walikuwa wanalipa bei kubwa kuliko sisi wa benki. Mama hakunijibu. Alirudi kwenye maharage.

Lakini hebu geuzeni macho hapa, nisogeze kamera. Mnaona? Ile debe ni jiko la maranda. Mafinga maranda hayaishi, viwanda vya mbao viko kila kona. Unashindilia na mti katikati, unauchomoa, linawaka asubuhi nzima, ndipo maharage yanapochemkia. Hapa mkaa, wa ugali. Pale mtungi wa gesi, wa chai na wageni. Umeme ni taa, simu, na pasi ya Jumapili. Mama anahama kampuni mara nne kabla ya chakula cha mchana na hajawahi kujaza fomu. Lile boksi juu ya kabati ni birika la umeme nililomletea mwaka juzi. Wati 3,000. Alisoma chini ya boksi, akahesabu kwamba dakika kumi ni nusu uniti, akalifunga vizuri.

Maana Mama yuko kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, uniti shilingi 100 kabla ya kodi, na haruhusu mtu amvushe uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila uniti ya juu ni 350, na ukizoea wanakuhamishia bei ya kawaida, ile ambayo ukinunua ya elfu kumi unapata uniti 28. Hapo hawajakata kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi, inayokatwa humo humo kwenye LUKU.

Ngoja, ananiita. Abee Mama?

Jamani. Kaja na daftari. Anasema kwa kawaida mwezi mzima hafiki uniti 40, leo ni tarehe 22 na tumeshavuka 75. Anauliza ni hii kamera ndiyo inayokula umeme, au kuna kitu chumbani kwangu ambacho hajaonyeshwa.

Ni hita, Mama. Nimeinunua Iringa mjini. Iko chini ya kitanda.