Filamu Imemrudishia Benny Bwana Aliyemkataa

Haya mashosti wangu wa Tanga, na nyie wa Mombasa, na makaka mnaojifanya hamtazami, karibuni. Leo sipo jikoni. Niko mjini Dublin, mtaa wa Earlsfort Terrace, na huo upepo kwenye maiki mnisamehe. Jengo hili nyuma yangu, hili la nguzo, sasa ni ukumbi wa taifa wa muziki. Zamani lilikuwa chuo kikuu, na hapa ndipo Benny na Eve, wale mabinti marafiki wa hadithi ya Circle of Friends, wanapokuja kusoma mwaka 1957.

Filamu ni ya 1995. Kitabu cha Maeve Binchy, cha 1990, nimekimaliza juzi kwenye basi. Na nina ugomvi.

Haki yake nisiinyime: Minnie Driver akiwa Benny, jamani! Binti ana mwili, mtoto wa pekee wa mwenye duka la nguo, anaingia ukumbini kama anauomba mlango radhi. Kijiji cha Knockglen hukikuti kwenye ramani, walipiga picha Inistioge, kule Kilkenny. Na chuo si hiki, walipiga Trinity, chuo kingine cha hapa Dublin, cha asili ya Kiprotestanti. Hapo nilicheka peke yangu! Enzi hizo askofu mkuu wa Dublin alikuwa hataki Wakatoliki wasome Trinity bila ruhusa yake, hadi katazo lilipoondolewa 1970. Sasa Eve huyu, kalelewa na masista, angeingiaje pale?

Kitabu kinaanzia Benny anapotimiza miaka 10. Anaota gauni la mahameli ya waridi, analetewa nguo ya buluu ya kiza, ya kudumu. Mama zetu si tunawajua: "Utaivaa hata mwakani." Huko utotoni ndiko urafiki wake na Eve unakoota mizizi.

Chuoni anaingia Nan, mrembo, baba mlevi nyumbani, hamu yake ni kutoka tu. Anapata mimba ya kijana wa jumba kubwa, kijana anamruka. Basi anambandikia Jack, mpenzi wa Benny. Na nafasi aliipata wapi? Benny kila jioni lazima awahi basi la kurudi kijijini, wazazi hawataki alale mjini. Wenzake wanabaki dansini, yeye yuko dirishani anahesabu mashamba.

Simtetei Nan. Ila Ireland ile dawa za kuzuia mimba zilikuwa haziuzwi kisheria tangu 1935, na binti aliyepata mimba nje ya ndoa mara nyingi alipelekwa kufichwa kwa masista. Kitabu kinakuonesha hofu hiyo inavyompanda taratibu. Filamu inaipita mbio, anabaki mwizi wa mabwana tu.

Halafu ule mwisho! Kwenye filamu Jack anarudi, wanapatana, muziki juu. Kwenye kitabu anarudi vilevile, anabembeleza, na Benny hamchukui. Hatukani wala halii. Jack amekwisha tu moyoni, kama nguo iliyombana. Kurasa zote zile zilikuwa zinamlea afike hapo, wenye filamu wakaona watazamaji watataka busu.

Jana nilimsimulia mama kwenye simu, yote, na Jack wake. Akanyamaza, akauliza, "Na yule Eve, bado wako pamoja?"

Nikamwambia, kwenye kitabu ndiyo.

"Haya. Umevaa sweta lakini?"