Milimita Moja kwa Siku

Ndugu zangu, karibuni. Naomba kila mmoja aguse kifundo cha mkono wake, kisha ncha ya kidole cha kati. Hapo pana kama sentimita 18. Neva, yaani mshipa wa fahamu, ikikatika kifundoni na ikaungwa vizuri, nyuzi zake huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Pigeni hesabu: ni miezi 6 kabla hisia haijarudi kidoleni, na hiyo ni kwa mtu asiye na kisukari.

Lakini uzi hauoti kwenye njia iliyojaa vifusi. Mwaka 1850 mtafiti Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura, akaona kipande kilichotengwa na seli yake kikivunjikavunjika. Mabaki hayo, hasa ile ala ya mafuta iliyouvika uzi, huzuia uzi mpya kupita. Seli za Schwann, zile zinazouzunguka na kuulea uzi wa neva, huanza kusafisha, kisha makrofaji, seli zinazomeza taka mwilini, huja kumalizia. Ndipo seli za Schwann hujipanga mstari na kuuonyesha uzi njia.

Kwa mwenye kisukari, mambo huharibika hapo hapo mwanzoni. Makrofaji huchelewa, vifusi hukaa. Vishipa vya damu vinavyoilisha neva vimenenepa kuta, oksijeni haitoshi. Ndani ya seli, sukari iliyozidi hugeuzwa sorbitoli, kemikali jamii ya sukari, na kwa hilo kinga ya seli dhidi ya kemikali haribifu hupungua. Sukari nyingine hunata kwenye protini, ikiwemo laminini ambayo uzi huishikilia ukisonga mbele. Tena insulini, tunayoijua kwa kushusha sukari tu, ni chakula cha neva pia: neva ina vipokezi vyake, yaani sehemu za kuipokea.

Mtu atasema, basi nitangoja zaidi. Hapana! Seli za Schwann zikikaa muda mrefu bila uzi huchoka kuulea, na msuli usio na neva husinyaa hadi usiweze tena kuipokea. Ndiyo maana nasisitiza: anayefanyiwa upasuaji wa neva aanze kudhibiti sukari kabla ya kisu, asisubiri kidonda kifunge.

Na katika miezi hiyo ya kungoja, mkono wenye ganzi hautakuambia kwamba maji yanachoma. Pima maji kwa mkono usio na ganzi. Kama mikono yote miwili ina ganzi, pima kwa kiwiko, kwa kuwa ganzi ya kisukari huanzia ncha za mbali na kiwiko kwa kawaida bado kinahisi.