Rekodi ya Dereva Mlevi Iko Masijala

SOMOE: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Mtwara, Lindi na popote mlipo. Mimi ni Somoe, niko na kaka Hamisi. Leo tuna swali la mama mmoja wa Mikindani. Anatafuta dereva wa Hiace ya kuwapeleka watoto shule. Amepata kijana anayesifiwa sana, lakini jirani kamnong'oneza kwamba kijana huyo aliwahi kupandishwa kizimbani kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Mama anauliza, ukweli wa jambo hili anaupata wapi?

HAMISI: Swali zito, dada, na limekuja wakati wake. Msimu wa korosho huku kwetu pesa inatembea, mabibo yanakamuliwa, uraka na gongo havikosekani. Na barabara ni hiyo hiyo, ina malori ya korosho na ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayoshuka bandarini. Mzazi akiuliza habari za dereva wa mwanawe, huo si umbea.

SOMOE: Si umbea hata kidogo. Ni haki yake.

HAMISI: Sasa wengi hukimbilia simu. Anaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia faini za trafiki, akikuta pasafi anasema dereva safi.

SOMOE: Mfumo ule unaonyesha madeni ya gari. Gari lilikamatwa kwa mwendo kasi, shilingi 30,000, imelipwa au haijalipwa. Ukitafuta kwa namba ya gari, unapata habari za gari, si za mtu. Kijana kama alikamatwa na gari la tajiri wake wa zamani, Hiace ya mama haitasema lolote. Isitoshe, mtu aliyeshtakiwa kwa ulevi anapelekwa mbele ya hakimu, na kilichoamuliwa huko kinabaki kwenye jalada la mahakama.

HAMISI: Na TanzLII je, ile tovuti ya hukumu za mahakama zetu? Maana ile ni bure, na hukumu zimo maelfu.

SOMOE: Naipenda TanzLII, naitumia. Lakini tuwaeleze watu ilivyo. Nyingi zilizomo ni hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu. Kesi ya dereva mlevi huanzia chini, Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Ili ifike Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, lazima mtu akate rufaa. Sasa niambie kaka, dereva aliyesomewa shtaka asubuhi, akasema "ni kweli", akapigwa faini, akalipa, akaenda zake, atakata rufaa ya nini?

HAMISI: Na sheria yenyewe inambana. Aliyekiri kosa mwenyewe hakatii rufaa kule kutiwa hatiani. Kwa kawaida anabaki na nafasi ya kulalamikia adhabu tu.

SOMOE: Hapo ndipo penyewe. Kesi za aina hii ambazo ni nyepesi kwa mahakama, zilizoisha kwa kukiri, ndizo hazipandi juu. Utakazozikuta mtandaoni zaidi ni zile nzito, mtu kafa, dereva kafungwa, wakili kaingia. Kwa hiyo ukitafuta jina la kijana TanzLII ukakosa, hujathibitisha kitu. Na ukitafuta, jaribu na maneno ya Kiingereza pia. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi, hasa za nyuma, ziko kwa Kiingereza.

HAMISI: Basi tumpeleke mama mahakamani. Anaingia, anasemaje?

SOMOE: Aende masijala, ofisi ya mahakama inayotunza majalada. Hapo kuna rejista ya mashauri, na mashauri ya trafiki yana mfululizo wake: Shauri la Trafiki namba fulani la mwaka fulani. Namba hiyo ndiyo inayotoa jalada kabatini. Ukiwa na namba, karani anakusaidia upesi. Ukiwa na jina tu, tena jina lenyewe la kawaida huku kwetu, unampa kazi ya kufunua kurasa, na anaweza kukutolea jalada la mtu mwingine kabisa.

HAMISI: Hilo la majina tulikazie. Huku Saidi Hamisi wako wangapi? Mimi mwenyewe jina langu ukiliita Mkanaledi stendi wanageuka watu watano. Mtu anaweza kunyimwa kazi kwa kosa la wajina wake.

SOMOE: Ndiyo maana nasema mwende na vitu vitatu: majina yote matatu, mwaka na mwezi hata kwa kukisia, na mahali alipokamatwa. Mahali ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Shauri husikilizwa kwenye mahakama ya eneo kosa lilipotendeka. Kijana anaishi Chuno, sawa, lakini kama alisimamishwa Mingoyo, pale ni Lindi. Ukihangaika na rejista ya Mtwara mpaka jioni, hutamwona. Kama ni njia ya Masasi, uliza Masasi.

HAMISI: Na karani akisema "wewe si mhusika wa kesi hii"?

SOMOE: Atakwambia, na usigombane naye. Tutenganishe mambo mawili. Kesi husikilizwa mahakama ya wazi. Yeyote anaweza kuingia, akakaa kwenye benchi, akasikiliza shtaka likisomwa na hukumu ikitolewa. Orodha ya mashauri hubandikwa pale mahakamani. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu. Jalada lenyewe ni habari nyingine. Ni mali ya mahakama, lina maelezo ya mashahidi, pengine na taarifa za hospitali. Kulikagua kunahitaji maombi. Andika barua fupi kwa Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu anayeongoza mahakama hiyo, taja shauri unalolitafuta, eleza sababu yako kwa ukweli, kwamba unamwajiri mtu wa kubeba watoto. Ada ikitakiwa, lipa kwa kontrol namba upewe risiti. Usimpe mtu pesa mkononi.

HAMISI: Kuna pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30.

SOMOE: Ipo. Lakini kwa shauri moja kama hili, barua kwa Hakimu Mfawidhi ndiyo njia fupi.

HAMISI: Haya, jalada limetoka. Mama anaangalia nini? Maana mtu akiona tu "kuendesha gari akiwa amelewa" pale juu, anafunga, anaondoka na jibu.

SOMOE: Aah, hapo ndipo naumia. Pale juu ni hati ya mashtaka. Ni madai ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, bado hayajawa kosa. Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajatiwa hatiani. Funua mpaka mwisho. Alikiri au alikana? Shauri liliondolewa? Mashahidi hawakutokea? Aliachiwa huru? Kijana aliyeachiwa huru, jalada lake lipo pale pale kwenye rejista, na namba yake ipo. Anayesoma ukurasa wa kwanza tu anamhukumu upya mtu aliyekwisha kushinda.

HAMISI: Na akikuta ametiwa hatiani?

SOMOE: Asome alitiwa hatiani kwa lipi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inagusa mambo tofauti. Kuna kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, na kuna kuzidisha kiwango, ambacho ni miligramu 80 za kileo kwenye mililita 100 za damu. Aangalie ushahidi ulikuwa wa kipima ulevi, wa damu, au askari alisema tu kwamba ananuka pombe. Halafu aangalie adhabu. Faini peke yake, au mahakama ilimzuia pia kuendesha? Kama alizuiwa, muda umeisha? Kwa mtu anayetaka kumkabidhi watoto, swali hilo la mwisho lina uzito kuliko yote.

HAMISI: Dada, mimi nina jambo linanikereketa. Marekani, jimbo la Wisconsin, mahakama zina tovuti, unaandika jina la mtu, kesi zinatokea bure. Sisi mama wa Mikindani anaandika barua na kupanga foleni. Kwa nini tusiweke yote mtandaoni?

SOMOE: Na huko huko Wisconsin, kosa la kwanza la kuendesha umelewa kwa kawaida si jinai, linahesabiwa kama ukiukaji wa kanuni. Asiyejua hilo anaona jina la mtu kwenye tovuti ya mahakama, anamwita mhalifu. Mimi nataka rejista zetu zitafutike kwa kompyuta, na mahakama tayari imeingia kwenye usajili wa mashauri kwa njia ya kielektroniki. Nataka mtu wa Liwale asisafiri kwa ajili ya namba ya shauri. Lakini jina, shtaka na matokeo vionekane pamoja. Shtaka bila matokeo, hapana.

HAMISI: Mimi bado ningeweka, dada. Barabara imeshatuua sana. Ila hilo la matokeo kukaa pamoja na shtaka, nakubaliana nawe.

SOMOE: Na wale vijana wa bodaboda walio chini ya miaka 18 wasiwemo kabisa. Mashauri ya watoto husikilizwa faragha, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Usiyatafute, na ukiyapata usiyasambaze.

HAMISI: Kusambaza! Mtu anapiga picha ukurasa, anautupa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

SOMOE: Asifanye hivyo. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Umeomba kuona jalada kwa ajili ya ajira, litumie kwa ajira. Mtaa mzima haumwajiri kijana yule.

HAMISI: Kwa hiyo mama aanze wapi, kesho asubuhi?

SOMOE: Aanze na kijana mwenyewe. Amwite, amkalishe, amuulize waziwazi: umewahi kushtakiwa, wapi, lini, ikaishaje? Mshtakiwa ana haki ya kuomba nakala ya hukumu yake, na kwake ni rahisi kuliko kwa mgeni. Akiileta imegongwa muhuri, mama apeleke namba ile masijala wamthibitishie kwamba ni yenyewe. Akisema hajawahi, na jirani anashikilia kwamba alimwona kizimbani, basi mama amuulize jirani ni mahakama gani na mwaka gani. Jirani akishindwa kutaja hata kimoja, hakuna cha kwenda kutafuta.