Kuacha Pombe Bila Kulazimishwa Kuamini

Shikamooni wazazi wangu. Vijana, habari za mchana.

Hapa Moshi kijana akilemewa na gongo au unga, mara nyingi tunaanza kwa kumpeleka akaombewe. Simlaumu mzazi anayekesha akimsubiri mwanawe arudi kilabuni. Leo namsemea yule asiyeamini. Wapo, hata kwenye familia zetu za Kilutheri, za Kikatoliki na za Kiislamu, ila hawasemi. Akiingia kwenye kikao cha Hatua 12, yaani mpango wa kuacha ulevi wa AA (Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha), na kusikia Mungu anatajwa, huyu ataondoka, yule atabaki akiigiza. Anayeigiza ndiye anayenitia hofu zaidi. Kupona kunamtaka mtu aseme kweli juu ya nafsi yake, nasi tunampokea kwa kumfundisha kudanganya.

Jamani, hata waanzilishi wa AA hawakuwa na kauli moja. AA ilianza Akron, Marekani, mwaka 1935, na Hatua 12 zikachapishwa 1939. Miongoni mwa wanachama wa mwanzo alikuwamo Jim Burwell, mtu asiyemwamini Mungu, na alilisema waziwazi mpaka wenzake wakakereka. Ubishi wa watu kama yeye ulichangia kuingizwa kwa maneno "Mungu kwa jinsi tulivyomwelewa" katika Hatua hizo. Baadaye wakajiwekea kanuni 12, na ya tatu inasema sharti pekee la uanachama ni nia ya kuacha kunywa. Haidai ubatizo wala shahada.

Basi asiyeamini ashike nini? Hatua 12 zinataja nguvu iliyo kuu kuliko mtu mwenyewe; wengi wao husema nguvu hiyo ni kikundi chenyewe, na mimi naona wana hoja. Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane, inayochambua tafiti za tiba, ilipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Ilionekana kuwa programu za kuwaunganisha watu na AA ziliwasaidia kuacha kabisa sawa na tiba nyingine, au hata kuzizidi. Sehemu kubwa ya msaada huo hutokana na kubadilisha watu unaokaa nao: kuwa na mtu wa kumpigia simu saa tatu usiku hamu inapopanda, mtu aliyepita hapo hapo. Ipo pia programu nyingine ya vikundi, SMART Recovery, tangu 1994, isiyogusa imani kabisa. Humfundisha mtu kuyatambua mawazo yanayomrudisha kwenye chupa.

Ninyi mnaosimamia soba hausi, zile nyumba wanakokaa wanaoacha ulevi na unga, nawaomba sana: wakati wa sala, asiyesali aruhusiwe kukaa kimya, na kitanda chake kisiwe hatarini kwa sababu hiyo.

Nawe mama, mwombee mwanao. Lakini aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asifungiwe chumbani aache ghafla. Anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa. Aonwe na daktari kwanza. Na wa unga naye apelekwe hospitali: methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, inatolewa nchini tangu 2011, ilipoanzia Muhimbili, na dawa hiyo haimuulizi mtu dini yake.