Ekstensheni Unayomuuzia Mteja

Ndugu zangu wafanyabiashara wa Ngamiani hapa Tanga, na ninyi mliotoka Chumbageni hadi Pongwe, asalaam aleikum, na habari za jioni. Ahsanteni kwa kufunga maduka mapema mkaja.

Sitaanza na sheria. Nitaanza na plagi hizi mbili hapa mezani. Kwa nje ni pacha. Kaka uliyekaa mbele, tafadhali zifungue kwa bisibisi. Hii ya kwanza ina fyuzi ya ampea 13, kila waya umekazwa kwa skrubu yake, na kuna kibano kinachoshika waya mzima ili ukivutwa usichomoke. Ya pili inyanyue wote waione. Pa fyuzi pamewekwa kipande cha bati. Jino refu la erthi lipo, lakini ndani halikuungwa na chochote. Mama akiitumia kwenye pasi, siku waya wa moto, ule unaoleta umeme, ukigusa bati la pasi, umeme utatafuta njia ya kwenda ardhini kupitia mwili wake. Aliyemuuzia ni mmoja wetu.

Tuje kwenye ekstensheni, maana hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Imeandikwa ampea 13, soketi sita, bei poa. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo ampea 13 ni karibu wati 3,000. Ili kubeba mzigo huo, kila waya wa shaba ndani yake unatakiwa uwe na unene wa milimita za mraba 1.25. Zinazouzwa rahisi mara nyingi zina waya wa nusu milimita ya mraba, ambao kazi yake ni ampea 3, yaani wati 690 hivi. Birika la wati 2,000 peke yake linavuta karibu ampea 9. Waya unapata moto, mpira unalainika, na huenda uko chini ya zulia, karibu na godoro la mtoto. Fyuzi ya 13 haitakatika, kwa sababu kwa hesabu yake mzigo bado ni mdogo. Wapo pia wanaopaka alumini rangi ya shaba. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, usiununue, hata msambazaji akikukopesha.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada. Upepo wa bahari una chumvi. Soketi iliyokaa rafuni miezi mingi huota kutu ya kijani kwenye shaba, mgusano unalegea, na palipolegea ndipo panapochomeka. Ikague kabla ya kuitoa, usimpe mteja kwa kuwa tu boksi halijafunguliwa.

Mnaouza mitumba, someni kibandiko cha nyuma. Friji lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ni la volti 100. Mwambie mnunuzi waziwazi kwamba linahitaji transfoma, na umwandikie hivyo kwenye risiti.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009 inawahusu, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, wana mamlaka ya kukamata bidhaa zisizokidhi viwango vya lazima. Bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Dai hati za mzigo kwa anayekuuzia jumla, uzihifadhi. Dukani weka kizimamoto cha gesi ya kaboni dioksidi au cha unga, maboksi yasizibe mlango, na namba ya Zimamoto, 114, ibandike ukutani.

La mwisho. Mteja akirudi na plagi iliyoungua, wengi wetu humuuliza, "Uliitumiaje?" Mpokee. Iandike tarehe na jina la msambazaji, kisha nenda rafuni ukatoe zote za mzigo ule, ufungue moja ndani. Ikiwa na kasoro ileile, wapigie simu wote uliowauzia ambao namba zao unazo, leo hii hii, kabla hawajapika chakula cha usiku.