Jaza faili la macho, fomu ya bima isirudi

Hamjambo wajameni! Hapa Ngamiani, Tanga, feni nimeizima mnisikie vizuri, kwa hiyo jasho hili lisiwashtue.

Leo tunajaza faili la mgonjwa aliyepimwa macho yote kikamilifu. Jina, umri, namba ya kadi, saini: mnayajua, twende. Malalamiko yaandike kwa maneno yake mwenyewe. “Naona ukungu nikiendesha baiskeli jioni” inatosha. “Macho mabovu” haimwambii kitu mkaguzi wa bima, naye hajamwona mgonjwa.

Uoni sasa. 6/60 ni kwamba akiwa mita 6 anasoma herufi ambayo mwenye macho mazima angeisoma akiwa mita 60. Pima tena kwa kitundu, yaani achungulie kwenye tundu dogo, andika. Yote hayo kabla ya dawa ya kutanua mboni. Presha ya macho iandikwe kwa namba, pamoja na saa uliyopima. Wengi huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ila ukiandika “kawaida” tu, mwakani utalinganisha na nini?

Haya, hapa polepole. Mchoro. Mgonjwa mmeketi uso kwa uso, jicho lake la kulia liko mkono wako wa kushoto. Kwenye karatasi ni vivyo hivyo: duara hili la kushoto ndilo... Ngojeni. Mbona maandishi yamegeuka? Lo, kamera ya mbele hii! Nageuza simu... Haya. Duara la kushoto ndilo jicho la kulia. Narudia: la kushoto, jicho la kulia.

Na usiandike K! Niliandika “mtoto wa jicho, K”. Kulia K, kushoto K! Fomu ikarudi, na bibi wa watu akapanda daladala tena kutoka Pongwe. Namba ya ugonjwa haikuokoi: H25.1, ya aina moja ya mtoto wa jicho kwenye orodha ya ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, haitaji jicho. Marekani wameongeza tarakimu, H25.11 kulia, H25.12 kushoto. Sisi tunaandika kwa mkono, neno zima. KULIA. Usifupishe, nakuomba.

Ndiyo maana nikachongesha muhuri huu, maduara mawili na maneno yake kamili. Nauza, wino juu yako. Mimi napenda wa bluu: saini nayo ya bluu, fotokopi inajulikana mara moja.

Daktari asaini, tarehe, peleka. Adhana hiyo, nazima.