Borrow na lend: kalamu imetoka kwa nani?

Haya jamani tuendelee, mada ya leo ni maneno mawili tu, borrow na lend, na najua kuna mtu anawaza hayo si ya watoto wanaoanza Kiingereza, sawa, lakini mi nakutana nayo kila wiki kwenye meseji za watu wazima waliosoma vizuri tu, unakuta mtu kaandika "can you borrow me your book".

Kabla sijaeleza chochote, dada hapo mbele, naomba uniazime hiyo kalamu. Asante. Mmeona? Kalamu ilikuwa kwake, sasa hivi iko kwangu. Tukio ni moja, ila Kiingereza kinakulazimisha useme umesimama upande gani. Yeye aliyetoa ame-lend, mimi niliyepokea nime-borrow, basi. Ukimwambia mtu "borrow me your pen" unamwambia yeye ndo achukue, na kalamu ni yake, sasa ataazimaje kitu chake mwenyewe?

Kwa nini sasa wengi tunakosea hapa hapa? Nimesikia ikisemwa ni uvivu na mi silikubali kabisa hilo, linaniuma, kwa sababu chanzo kiko kwenye Kiswahili chetu na wala si kosa la mtu. Azima inaenda pande zote mbili. Nimeazima kitabu kwa jirani, hapo nimechukua. Jirani ameniazima kitabu, hapo katoa. Kitenzi ni kile kile, tofauti yote imebebwa na hiyo -ni- ndogo iliyojibana katikati, nimeazima, ameniazima, sikilizeni vizuri. Kwa hiyo anayesema borrow me amechukua niazime akaivusha kama ilivyo, sarufi yake iko sawa kabisa ila ni sarufi ya kwao. Wajerumani nao wana leihen, ni kutoa na ni kuchukua pia, na wakijifunza Kiingereza wanateleza hapo hapo.

Dawa tunayo wenyewe, tena kila siku iko mdomoni. Kopa, kopesha. Ile -esha ndo inayofanya kazi ya lend. Ukikwama katikati ya sentensi jiulize hapa ningesema kopa au kopesha, kama ni kopa andika borrow, kama ni kopesha andika lend, na inakubali hata kama kitu chenyewe ni mwavuli na siyo hela.

Na tusijione sisi ndo tuna lugha yenye pengo. Mwavuli ukiuazima unarudisha ule ule, hela ukiikopa unaitumia inaisha alafu unarudisha nyingine, ndo maana tuna azima na tuna kopa, Kiingereza chenyewe hapo hakijali, yote kinaita borrow. Au chukua rent, mwenye nyumba ana-rent na mpangaji naye ana-rent, neno moja, sisi tuna panga na pangisha, mambo yameisha. Kila lugha imechagua pa kuwa makini na pa kulegea, na mwanafunzi anaumia pale ambapo hizo mbili hazikuchagua sawa.

Kwenye kuandika, lend inapenda mtu akae karibu nayo, lend me, lend her, wakati borrow inataka kitu kwanza alafu from ndo aje mwenye mali. Wakati uliopita ni lent, lended haipo. Wamarekani mtawasikia wanasema pia loan me, hiyo ni kopesha vilevile, bado ni upande wa anayetoa.

Kitu kimoja nakipenda sana kwenye borrow, asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lililokuwa na maana ya dhamana. Yaani neno lenyewe limeanzia kwenye ahadi ya anayechukua, na mi tangu nilipojua hivyo sijawahi tena kujiuliza borrow ni ya nani, ni ya yule mwenye deni.

Dada, kalamu yako hii hapa, you lent me your pen, nashukuru sana. Na wewe kaka uliye nyuma yake naona huna cha kuandikia, mwombe sasa, kwa Kiingereza, tukusikie.